Nani Aliyemwambia Kuwa Hapendezi?

   

Kwenye ukuta wa madrasa yetu, karibu na mlango wa kinamama, pana sanduku la mbao lenye tundu juu. Tuliliweka ili mwenye swali analoona haya kuliuliza mbele ya watu aliandike kwenye karatasi bila jina, nasi tulijibu baada ya darasa. Tulitarajia maswali ya hedhi, ya udhu na ya saumu, na hayo yalikuja. Lakini yalikuja pia maswali tusiyoyatarajia, nayo yalihusu mwili. Wapo waliouliza juu ya mkorogo na sindano za kung'arisha ngozi. Wapo waliouliza juu ya upasuaji wa kupunguza tumbo au kuongeza maumbile. Wapo waliouliza juu ya kovu, juu ya meno, na juu ya mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka.

Tumeona tuyaseme hayo katika jarida hili, kwa sababu anayeuliza mmoja ana wenzake kumi wanaonyamaza. Hatumtaji mtu, na yale ambayo yangemfanya mtu ajulikane tumeyaacha.

Wanachokihofia

Sisi walimu tulidhani kuwa swali la kwanza la mtu wa namna hii litakuwa, je, ni halali au haramu? Haikuwa hivyo. Karatasi nyingi zilianza na hofu. Je, inauma? Je, kovu litabaki? Nikiacha, rangi yangu itarudi? Itagharimu kiasi gani, na mume wangu atanielewa? Watu wakijua watasema nini? Swali la dini lilikuja mwishoni, wakati mwingine kwa herufi ndogo, kama kwamba mwandishi tayari alijua jibu na hakutaka kulisikia.

Tukaona na jambo la pili. Karibu kila karatasi ilikuwa na maneno ya mtu mwingine ndani yake. Mmoja aliandika kuwa wifi yake alimwambia, siku ya harusi, kuwa kaka yao amekwenda kuokota mkaa. Mwingine aliandika kuwa tangu ajifungue, mashoga zake humuuliza mimba ya pili ina miezi mingapi. Mwingine, binti mdogo, aliandika maneno machache tu: kuwa nyumbani wote ni weupe ila yeye, na bibi yake humtania kila siku.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo ulipo msingi wa maoni yetu. Kwa miaka mingi tumekemea kujichubua kwenye mimbari na kwenye darasa za kinamama, na tumekemea kwa haki. Lakini tumemkemea aliyejichubua peke yake. Yule aliyemwambia kuwa hapendezi hatukumgusa, na huyo mara nyingi ni sisi.

Mapambo yetu ya pwani

Uislamu haukuja kuharamisha uzuri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na katika hadithi hiyo hiyo akatueleza kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Sisi watu wa Tanga, Pangani na pwani yote tunajua mapambo. Mama zetu walisaga liwa kwenye msio, wakamsinga biharusi kwa singo, wakampaka hina, wakamtia wanja, wakamfukiza udi na kumvisha asmini. Mambo haya hayambadilishi mtu. Humsafisha, humnukisha na kumpendezesha, naye hubaki yule yule.

Hata hivyo katika mapambo haya nayo tuwe macho. Piko nyeusi inayochorwa siku hizi mara nyingi si hina, bali ni rangi ya nywele iliyokorogwa, na wapo inaowababua ngozi hadi ikatoka malengelenge na kuacha alama. Anayempaka mtoto wa miaka saba piko ya namna hiyo siku ya Idi ajue anachokifanya.

Kutibu si sawa na kubadili

Sasa tuje kwenye hukumu, maana wapo waliotuuliza kwa dhati na wana haki ya kujibiwa.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Allah anatueleza ahadi ya shetani kuwa atawaamrisha watu nao watabadilisha umbo la Allah. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja chale za urembo na wanaochanjwa, wanaonyoa nyusi, na wanaochonga meno ili kupata mwanya kwa ajili ya uzuri. Tuangalie hilo la mwanya, sisi ambao tunausifia sana. Mwenye mwanya wa kuzaliwa amepewa na Mola wake. Anayekwenda kuuchonga ndiye anayesemwa hapo. Na wanavyuoni wameyatazama maneno ya mwisho, kwa ajili ya uzuri, wakasema kuwa aliyefanya kwa ajili ya matibabu au kuondoa kasoro hamo katika laana hiyo.

Dalili yao ni kisa cha Arfaja bin As'ad (R.A.). Sahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla hajasilimu. Akatengeneza pua ya fedha, nayo ikanuka. Mtume (S.A.W.) akamuamuru atumie pua ya dhahabu. Kisa hiki wamekipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Tukizingatie vizuri. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na pua ya dhahabu haimsaidii mtu kunusa. Lakini Mtume (S.A.W.) hakumwambia Arfaja asubiri tu, wala hakumwambia kuwa uso si kitu. Alijua kuwa mtu anatembea mbele ya watu na uso wake, na kuwa maumivu ya kutazamwa nayo ni maumivu.

Katika zama zetu, mwezi Julai 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, katika kikao chake cha 18, likatoa azimio juu ya upasuaji wa urembo. Kwa ufupi, limeruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali yake ya asili, wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa kama mdomo uliopasuka, wa kurekebisha kasoro zilizoletwa na ajali, moto au maradhi, na wa kuondoa ubaya wa umbo unaomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Kupunguza mafuta ya mwili kumeruhusiwa pale palipo na haja ya kitabibu na pasipo na madhara. Kilichokatazwa ni kuibadili sura iliyo salama kwa kufuata matamanio na kuiga wengine, na pia kuondoa mikunjo ya uzee isiyotokana na maradhi.

Kwa hiyo dada aliyeungua usoni kwa mafuta ya moto, aliyetuuliza kama ni kukosa imani akitaka kovu lake lishughulikiwe, tunamjibu: sio kukosa imani. Mama ambaye matiti yake ni mazito hadi mgongo unamuuma na daktari amemshauri apunguze, hilo ni tiba. Na yule anayetaka tu kufanana na msanii aliyemuona kwenye simu, tunamwambia kwa upole kuwa njia hiyo tumekatazwa.

Karatasi mbili

Karatasi mbili zilituumiza kuliko nyingine zote.

Ya kwanza ni ya mama mwenye mtoto mchanga wa mdomo wa sungura. Aliandika kuwa mtoto hajatolewa nje tangu kuzaliwa, kwa kuwa jamaa wanasema yeye mama alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito. Akauliza kama kumshona mtoto huyo ni kupinga qadari ya Allah. Mama yetu, aliyekuleteeni mtihani huu ndiye aliyeleta na tiba yake. Wala haifai kwa Muislamu kumtuhumu mama kwa jambo asilokuwa na elimu nalo. Mdomo wa namna hiyo hushonwa kwa kawaida mtoto akifikisha miezi mitatu na zaidi, akiwa na uzito na damu ya kutosha, na kaakaa iliyopasuka huzibwa kabla ya umri wa miaka miwili, ili mtoto ajifunze kusema vizuri. Hospitali ya CCBRT iliyopo Dar es Salaam imewafanyia watoto wengi upasuaji huu, na hospitali yetu ya Bombo ni mahali pa kuanzia ili upate rufaa. Kila mwezi unaopita mtoto akiwa amefichwa ndani ni mwezi wa kunyonya kwa tabu. Mtoeni nje.

Ya pili ni ya mwanafunzi wetu. Aliandika kuwa amekulia Arusha na meno yake yana rangi ya kahawia, kama yalivyo meno ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro ambako maji yana madini mengi ya floridi. Akauliza kama ni haramu kwenda kwa daktari wa meno ayafanye meupe, kwa sababu anaona haya kufungua mdomo anaposoma Qur'ani mbele ya wenzake.

Hatukuhitaji jina lake. Tulimkumbuka mara moja kijana anayesoma huku ameweka kiganja mdomoni. Tulikuwa tumemkemea mara nyingi, mbele ya darasa zima, tukimwambia ashushe mkono na atamke herufi ipasavyo. Tulidhani ni ukosefu wa adabu. Wenzake walikuwa wakimwita Kutu, na sisi walimu tulilisikia jina hilo tukalichukulia kuwa ni utani wa watoto. Tunamuomba Allah atusamehe, na tumemuomba msamaha mwenyewe. Jibu la swali lake ni kuwa meno yale yameathiriwa na maji, na kuondoa athari hiyo si sawa na kuchonga mwanya. Aende kwa daktari wa meno wazi wazi, mzazi wake akiwa naye.

Wanayofichwa wasiyoyauliza

Upo upande mwingine ambao ni lazima tuuseme bila kuficha. Wanaouliza huuliza kama inauma. Wachache huuliza kama inaua.

Mkorogo kwanza. Vipodozi vingi vya kuchubua huwa na zebaki, hidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuligeuza eneo lililokuwa linang'arishwa likawa na madoa ya buluu na meusi yasiyotoka. Steroidi huikondesha ngozi, huacha michirizi, na kidonda hukawia kupona, hata daktari akitaka kushona ngozi ya mtu huyo baada ya upasuaji wa uzazi hupata tabu. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini kwetu, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi upo chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini pwani yetu ni ndefu na ina bandari bubu, na kilichokatazwa dukani huuzwa ndani ya mkoba. Aliyekwisha kutumia asijifiche. Achukue kopo lake aende nalo kwa daktari wa ngozi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zikiachwa ghafla bila usimamizi ngozi hulipuka, na hapo ndipo wengi huzirudia.

Sindano na dripu za weupe zinazochomwa majumbani na kwenye saluni ni hatari juu ya hatari. Anayekuchoma si daktari, hujui kilichomo kwenye chupa, na sindano isiyo safi yaweza kukupa homa ya ini.

Ama upasuaji wenyewe, siku hizi hauko mbali nasi. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya upasuaji rekebishi, na wenye uwezo walikuwa wakienda nje tangu zamani. Penye hospitali kamili, daktari bingwa na sababu ya kweli ya tiba, hatuna la kupinga. Lakini upasuaji ni upasuaji. Mtu hupigwa dawa ya usingizi, damu huweza kuganda, kidonda huweza kuoza. Ngozi nyeusi ina tabia zaidi ya kuota kovu la kuvimba, na mwenye kovu la namna hiyo masikioni kwa kutogwa tu, amwambie daktari kabla ya kisu. Mwaka 2018 vyama vya madaktari bingwa wa fani hiyo duniani vilitoa onyo juu ya upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta, kwa kuwa mafuta hayo yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu hukimbilia mapafuni na kuua. Na jirani zetu wa Nairobi hawajasahau mwezi Oktoba 2024, pale mwanamke mmoja alipofariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki ya binafsi, na wasimamizi wakaifunga kliniki hiyo.

Basi anayekusudia upasuaji wowote aulize kwanza: je, daktari huyu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Je, pana chumba cha wagonjwa mahututi? Likitokea tatizo usiku, nitampigia nani? Je, kuna njia nyingine isiyo ya kisu? Na asiende kwa siri. Tumeona katika karatasi kuwa siri ndiyo inayotafutwa zaidi, na siri ndiyo inayomponza mtu, kwani anayezidiwa chumbani hajulikani amefanyiwa nini.

Ulimi wetu

Tunarudi pale tulipoanzia. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah amekataza watu kuwadharau watu, na wanawake kuwadharau wanawake, na akakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Katika Suratur Rum, aya ya 22, ametuambia kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake. Abu Dharri (R.A.), pamoja na ubora wake, alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake.

Sasa tujitazame. Mtoto akizaliwa, la kwanza tunageuza masikio yake tuone atakuwa mweusi au mweupe. Mposaji akirudi anaulizwa, ni mweupe? Biharusi akitolewa ukumbini tunampigia vigelegele kuwa ameng'ara kama Mwarabu, na dada yake mweusi amesimama pale pale anasikia. Madrasani tuna kina Cheusi, Tipwatipwa na Chongo, na majina hayo huandamana na mtu hadi uzeeni. Kisha binti huyo akinunua kopo la mkorogo, tunashangaa kalitoa wapi wazo hilo. Wazo alilipata kwetu. Kopo ndilo alilolinunua.

Wapo watakaosema kuwa tunamtetea mkosaji, na kuwa kila mtu atabeba mzigo wake. Ni kweli kila mtu atabeba mzigo wake, nasi hatukumhalalishia mtu lililo haramu. Lakini mwenye kejeli naye ana mzigo wake, na siku ya hesabu hatasema alikuwa anatania.

Kwa hiyo tumekubaliana sisi walimu mambo matatu. Madrasani mwetu mtoto ataitwa kwa jina alilopewa siku ya akika, na mwalimu atakayekosea akumbushwe hata na mwanafunzi. Darasa la kujichubua halitasomeshwa tena bila ya darasa la ulimi kutangulia. Na sanduku litabaki pale pale, na anayeandika hatatafutwa.

Kwenu wazazi, tunawaomba jambo moja tu. Leo usiku, mwiteni binti yenu au mwana wenu, mumtazame usoni, mumwambie kuwa anapendeza. Huenda hajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwenu. Asipolisikia kwenu, atalitafuta kwa muuza mkoba.

Tunamuomba Allah atupambie tabia zetu kama alivyotupambia sura zetu, awaponye wagonjwa wetu, na azihifadhi ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.